UZI: Briji inayoelea (Floyd Rose na jamaa zake), jinsi ya kuisawazisha ikatulia. Wapiga gitaa wa Dodoma na kanda ya kati karibuni

Fundi wa Makole

Wakuu, heshima kwenu.

Kiangazi kikishika kasi hapa Dodoma, meza yangu hujaa magitaa yenye lalamiko moja: "fundi, halikai kwenye tyuni." Mengi ni ya makanisani, machache ya vijana wa rock kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na karibu yote yana briji inayoelea. Mwenye gitaa amezungusha vigingi vya kichwani wee mpaka nyuzi zimechoka kabla ya mkono wake. Nimeona niandike sehemu moja, mtu akinipigia niwe namtumia uzi huu. Ni mrefu, tafuteni viti.

Briji ya kawaida imefungwa kwenye mwili kwa skrubu, haiendi popote. Inayoelea imeegemea nguzo mbili fupi za chuma kwa makali mawili yaliyo mbele yake, basi. Juu, nyuzi sita zinaivuta kuelekea kichwani. Chini, ukifungua kifuniko cha nyuma ya gitaa, utaona bloku ya chuma iliyoshikwa na springi tatu, nne au tano. Springi nazo zinavuta kuelekea shingoni, ila kwa kuwa zimeshika chini ya egemeo, zinaizungusha briji kinyume na nyuzi. Ni mizani ya pale Soko la Majengo: sahani moja nyuzi, nyingine springi. Sahani zikilingana, briji inalala sambamba na mwili wa gitaa. Ukisukuma chini mkono wa tremolo (kile kifimbo kilichochomekwa kwenye briji) sauti inashuka, ukiuvuta juu inapanda, ukiachia inarudi palepale.

Tatizo la watu wengi linaanzia hapo. Huwezi kugusa uzi mmoja ukaacha nyingine tano salama. Pandisha E nene, briji inavutwa mbele kidogo, zile tano zinashuka. Zifuate hizo tano, na ile E uliyoanza nayo imeshuka tena. Mtu anakesha na vigingi wakati dawa iko nyuma ya gitaa, kwenye skrubu mbili za springi.

Historia kidogo halafu tuendelee. Mmarekani Leo Fender alitoa gitaa la Stratocaster (Strat) mwaka 1954 ikiwa na briji ya springi ndani ya mwili. Ilikuwa nzuri, lakini ukiishusha sana nyuzi ziliteleza na kukwama kwenye nati ile ya mwanzo wa shingo, zikirudi hazirudi sawa. Mmarekani mwingine, Floyd Rose, akaja na wazo la kubana nyuzi pande zote mbili, kwenye nati na kwenye briji, akapata hataza mwaka 1979. Mpiga gitaa wa rock Eddie Van Halen alivyoipiga, dunia nzima ikaitaka. Hizo Edge za Ibanez na nyingine nyingi zilizoandikwa "Licensed" (zimetengenezwa na wengine kwa leseni) zinafuata mwenendo uleule. Kwa hiyo ninayoeleza hapa yanahusu zote, tofauti ni ndogondogo.

KAZI YENYEWE. Amua kwanza mambo mawili na usiyabadilishe katikati: unene wa nyuzi na tyuni utakayotumia. Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Gitaa la inchi 25.5 (kutoka nati hadi briji) kwa tyuni ya kawaida likiwa na nyuzi za 9 hadi 42 (unene kwa elfu za inchi) linavutwa kwa jumla ya takriban kilo 38. Weka za 10 hadi 46, inakuwa karibu kilo 47. Umeongeza kilo tisa upande mmoja wa mizani, halafu unashangaa briji imenyanyua mkia! Muuza duka akikwambia "chukua hizi za 10, ni zilezile tu", mkatalie kwa adabu. Ukiamua kuhamia huko sawa, ila ujue unaanza kusawazisha upya, pengine na kuongeza springi moja. Hali kadhalika kanisa linaloimba nusu tone chini: gitaa lisawazishwe kwa hiyo nusu tone, siyo lisawazishwe kawaida halafu lishushwe asubuhi ya ibada.

Vifaa: seti ya alenki za milimita (ya 3 ndiyo utaitumia sana, ila uwe na seti nzima, za inchi zinakula vichwa vya skrubu), bisibisi ya nyota yenye kichwa kipana, koleo la kukatia nyuzi, na tyuna nzuri. Programu ya simu inafaa chumbani kwenye utulivu. Penye kelele tumia tyuna ya kubana kichwani au ya kuchomeka waya.

Kubadilisha nyuzi, njia ya amani ni moja moja: toa moja, weka mpya, ivute karibu na noti yake, nenda inayofuata. Ukitaka kuzitoa zote ili usafishe ubao wa shingo, kunja kitambaa au panga kadi ngumu, uzitie chini ya mkia wa briji, kati yake na mwili. Usipofanya hivyo springi zitaizamisha na zinaweza kuchomoka. Kwenye Floyd unakata kile kipira cha mwisho wa uzi, unaingiza ncha kwenye sadeli (kile kikalio cha kila uzi juu ya briji), unabana. Bana ishike, usikaze kama nati za tairi. Vile vibloku vidogo ndani ya sadeli vinapasuka, na kuvipata ni mpaka uagize.

Sasa kusawazisha. Njia ya taratibu ni hii: tyuni nyuzi zote huku nati ikiwa haijabanwa, rudia mzunguko mpaka zote ziko sawa, ndipo uitazame briji kwa ubavu. Mkia umenyanyuka? Nyuzi zinashinda. Kaza zile skrubu mbili zinazoshika kibati cha springi, nusu mzunguko kila moja, tyuni tena, tazama tena. Mkia umezama? Springi zinashinda, legeza. Unarudia mpaka ilale sambamba ikiwa kwenye tyuni. Uangalifu mmoja: kwenye hicho kibati kuna waya wa athi umechomelewa. Ukiukata, gitaa litavuma kwenye spika utafikiri pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) zimekufa.

Njia ya haraka ninayoipenda mimi: legeza springi kiasi, kisha tafuta kipande cha mti mgumu kinachoingia kati ya bloku na ukuta wa tundu upande wa mkiani (ulio mbali na shingo), chenye unene wa kuifanya briji ilale sambamba. Nyuzi zikivuta, bloku inakibana kile kipande na briji haiendi popote. Sasa unatyuni gitaa kama la kawaida, uzi mmoja hausumbui mwingine. Ukimaliza, geuza upande wa nyuma, kaza skrubu za springi kidogokidogo mpaka kipande kilegee na kudondoka chenyewe. Kikidondoka, mizani imelingana. Kinachobaki ni kugusagusa.

Kabla ya kubana nati kuna mambo mawili watu huruka. Zivute nyuzi mpya kwa vidole, kila moja kutoka freti ya 1 (freti ni vile vyuma vya kwenye ubao wa shingo) hadi pikapu, tyuni, vuta tena, mpaka zisishuke. Na rudisha vile vitufe vya kutyuni vya kwenye briji katikati ya mwendo wake, ili baadaye uwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Ukibana nati, noti zitahama kidogo, hapo ndipo vitufe vinapofanya kazi. Nati ikishabanwa, vigingi vya kichwani havina kazi tena.

Kimo cha nyuzi na intonesheni (noti ziwe sahihi shingo nzima) nitavigusa mkiuliza. Karibuni.

Solo wa Chang'ombe

Fundi Mungu akubariki. Mimi napiga solo, mambo ya sebene na sifa. Gitaa langu ni Ibanez yenye Edge. Nikiweka kiganja kwenye briji ili nizibe zibe nyuzi, noti zinapanda. Na Jumapili moja uzi mwembamba ulikatika katikati ya pambio, gitaa zima likawa jipya, sikujua niko kwenye ki gani. Nilimalizia kwa kupiga makofi 😂 Kuna dawa au niuze?

Fundi wa Makole

@Solo wa Chang'ombe usiuze kaka. Hayo mawili siyo ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Kiganja kikikandamiza nyuma ya egemeo, briji inazama kidogo na noti zinapanda. Uzi ukikatika, upande wa nyuzi umepungua, springi zinashinda, zilizobaki zote zinapanda. Ndiyo maana hata ukiupinda uzi mmoja kwa kidole, mwenzake uliouacha unalia unashuka.

Nikuulize swali la kiutu uzima: huo mkono wa tremolo unautumia kweli? Wapiga sebene wengi wanaoniletea magitaa, mkono uko ndani ya begi na haujawahi kutoka. Kama na wewe ni hivyo, izibe. Kata kipande cha mti mgumu (mninga unatosha kabisa), kikae kati ya bloku na ukuta wa upande wa SHINGO, kule springi zinakovuta, briji ikiwa sambamba. Halafu kaza springi kidogo zaidi ya nyuzi ili bloku ikikumbatie. Hapo mkono utashuka tu, hautapanda. Kiganja hakisumbui tena. Uzi ukikatika zilizobaki zinabaki kwenye noti zake. Ukitaka isishuke pia, weka kipande cha pili upande wa mkiani. Usigundishe na gundi, siku ukiuza gitaa mwenzako anaweza kuitaka ielee.

Angalia usichanganye pande. Kipande cha mkiani peke yake kinazuia kushuka, cha shingoni kinazuia kupanda. Nimeona video mitandaoni zimechanganya hizi mbili.

Kijana wa UDOM

Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye kuziba napinga. Mtu amenunua Floyd halafu unamtilia mninga? Angenunua gitaa la briji ya kawaida tangu mwanzo. Ikisawazishwa vizuri haisumbui, mimi napiga metal, nazamisha mpaka nyuzi zinalala kwenye pikapu na inarudi kwenye noti.

Fundi wa Makole

@Kijana wa UDOM unapiga metal, na ukikatikiwa na uzi chumbani kwako unaweka mwingine unaendelea. Yeye ana watu mia tatu wamesimama mikono juu. Gitaa hakulichagua, wengi wenu mmepewa na shangazi aliyeko nje au mmelikuta mtumba. Kila mtu alisawazishe kwa kazi yake.

Mpiga Besi wa Kizota

Ndiyo maana sisi Wagogo tulibaki na zeze. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia nzima bila springi hata moja 😂

Dada wa Kisasa

Shikamoo fundi. Langu ni mtindo wa Strat, briji ina skrubu sita mbele, nati haibani. Haya maelezo yananihusu au ni ya Floyd tu? Na kimo cha nyuzi kiko juu sana, vidole vinauma.

Fundi wa Makole

Marahaba dada. Yanakuhusu, mizani ni ileile. Tofauti yako: mkia unyanyuke kidogo, kipimo cha Fender ni kama milimita 3 kutoka kwenye mwili. Springi tatu zinatosha kwa nyuzi za 9. Ukiona inakusumbua, unaweza kuilaza kabisa kwenye mwili kwa kukaza springi. Utapoteza kupanda, utapata utulivu.

Kwa kuwa nati yako haibani, adui wako ni msuguano. Chonga penseli laini, paka ule unga mweusi kwenye mifereji ya nati na chini ya kile kibati kinachokandamiza nyuzi kichwani. Kwenye kigingi, mizunguko miwili mitatu inatosha, siyo kuviringisha mpaka kigingi kinene. Dalili ya nati inayokwama ni hii: umeshusha mkono ukauachia, uzi unarudi UMEPANDA, umeupinda kwa kidole, unarudi UMESHUKA.

Kimo: usianze na briji, anza na shingo. Bana uzi mnene freti ya 1 na freti ya mwisho kwa pamoja, chungulia freti ya 7 au ya 8. Pawe na uwazi mdogo, kama milimita 0.2, unene wa kadi nyembamba. Pakiwa pakubwa, trasi rodi (ile nondo ya ndani ya shingo) inakazwa, robo mzunguko kisha unasubiri. Shingo ikiwa sawa ndipo upime freti ya 12: uzi mwembamba kama milimita 1.5, mnene karibu 2. Wewe unashusha sadeli moja moja kwa alenki ndogo. Wenye Floyd wanashusha nguzo mbili, na hapo NAOMBA MNISIKIE: msizungushe nguzo huku nyuzi zimevuta kikamilifu. Makali yanasaga kwenye nguzo, yakishakuwa butu briji haitarudi tena palepale, hata umwite fundi kutoka Ujerumani. Legeza nyuzi kwanza, zungusha, tyuni, pima.

Mtu wa Singida

Niko Singida mjini. Nimenunua mkononi mwa mtu, Floyd ya "Licensed". Nikishusha inarudi chini ya noti, nikivuta juu inarudi juu ya noti. Springi nimekaza, nimelegeza, hali ileile. Aliyeniuzia hapokei simu.

Fundi wa Makole

@Mtu wa Singida springi ziache, umeshazionea. Jiulize swali moja: zinahama nyuzi zote kwa pamoja au mmoja tu?

Mmoja tu: uzi huo unateleza kwenye sadeli au nati haijaubana, au haukuvutwa vizuri ulipowekwa. Zote kwa pamoja, tena upande mmoja ukishusha na upande mwingine ukipandisha: egemeo linakwama. Toa briji, tazama makali mawili ya mbele kwenye mwanga. Yanatakiwa yawe makali na laini. Ukiona yamepondeka au yana kidonda, hapo pana jibu. Nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa aloi laini ya zinki, zinachakaa upesi. Zile halisi za Floyd Rose ni chuma kilichokomazwa, zinadumu. Makali yaliyochoka kidogo fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuyapiga msasa, yaliyokwisha unabadilisha briji.

Kabla hujalia, shika nguzo zenyewe uzitikise. Kwenye miili ya mti laini tundu linapanuka, nguzo inaegemea mbele ikivutwa. Hiyo inatibika: toa kikombe cha nguzo, jaza tundu kwa gundi na vumbi la mti mgumu, au toboa upya. Na tone la oili kwenye egemeo, tone tu, siyo kumwaga. Oili nyingi na vumbi letu la Septemba vinazaa msasa.

Dada wa Kisasa

Hapo kwenye vumbi umenigusa. Kwa nini gitaa lilikuwa sawa mwezi wa pili, mwezi wa tisa halishikiki? Nati sijagusa, springi sijagusa.

Fundi wa Makole

Ni hewa ya hapa kwetu. Mvua tunapata msimu mmoja, Desemba mpaka kama Aprili, halafu ni ukavu na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Mti ukikauka unasinyaa. Ubao wa shingo ukisinyaa, shingo inanyooka au inapinda kinyume, nyuzi zinaanza kugonga freti za mwanzo, na ncha za freti zinachomoza pembeni zikukwaruze kiganja. Kwenye gitaa la kawaida utaona nyuzi zimeshuka kimo tu. Kwenye briji inayoelea, shingo ikisogea mvutano unabadilika, na briji inalala pembe nyingine. Masika unyevu ukirudi, mambo yanageuka. Kwa hiyo mimi hushauri ukaguzi mara mbili kwa mwaka: mvua zikishatulia, na kiangazi kikishakomaa. Mara nyingi ni robo mzunguko wa trasi rodi na kugusa springi, siyo kazi ya kutisha.

Gitaa likae kwenye begi au kasha lake usiku, siyo ukutani mkabala wa dirisha. Kiangazi tia ndani kiboksi cha sabuni chenye matundu na sponji iliyolowanishwa ikakamuliwa sana. Isidondoshe maji, unalinda mti hutengenezi kutu. Usiliache kwenye gari lililopaki juani. Nyuzi zinalegea kwa joto, na ukija kulitoa usikimbilie alenki. Liache lipoe kwanza. Julai ni kinyume, asubuhi ya baridi nyuzi zimekaza. Ukifika kanisani mapema, lifungue begi lizoee chumba kabla ya kutyuni.

Kijana wa UDOM

Ongezea intonesheni fundi, uliahidi.

Fundi wa Makole

Kwa ufupi. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti bila kuubana), kisha bana freti ileile upige. Iliyobanwa ikiwa juu, sadeli irudi nyuma; ikiwa chini, isogee mbele. Kwenye Floyd sadeli haina skrubu ya kusogezea kama ya Strat: unalegeza uzi, unalegeza boliti ya sadeli, unasogeza kwa kidole, unakaza, unatyuni, unapima. Inachosha, ifanye siku umelala vizuri, tena kwa nyuzi mpya, maana nyuzi kuukuu hazitakupa jibu la kweli. Hii ukiipata mara moja haiguswi mpaka ubadilishe unene wa nyuzi.

Solo wa Chang'ombe

Mrejesho wakuu. Nimetia kipande upande wa shingo, fundi seremala wa mtaani kanikatia bure. Kiganja naweka ninavyotaka, noti zimetulia. Nimejaribu makusudi kulegeza uzi mmoja kabisa, nyingine hazikuhama! Ila nikipiga kwa nguvu nasikia mlio kama wa kengele unabaki nyuma. Ni mti?

Fundi wa Makole

Siyo mti, ni springi zinaitikia. Kunja tishu au kipande cha sponji, kitie chini ya springi kiziguse, funga kifuniko. Mlio ukibaki, niletee Jumatano jioni, Jumamosi nina foleni ya magitaa ya ibada.